Peremende Iliyoyeyuka Mkononi

Ndege ikianza kushuka, meza mate. Ukiwa huna mate, piga miayo, hata kama huna usingizi na watu wanakutazama. Ukiwa na mtoto mchanga, mpe ziwa na asiliachie mpaka magurudumu yaguse ardhi. Ukiwa na mafua makali, shuka ukapande basi. Hayo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu safari za angani. Wajukuu wangu hunicheka kwamba nayasema kama amri za jeshi, na mimi siwakatalii. Mojawapo ya amri hizo nilipewa nikiwa huko huko juu, kwa sauti kubwa, na mtu aliyejua anachosema. Nikaikataa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kibarua katika mgodi mmoja wa almasi upande wa Shinyanga. Siku hiyo karani wa idara yetu aliniita nje akanipa telegramu. Aliyeituma ni shemeji yangu, mume wa dada, ambaye alitembea kutoka kwetu Rwamgasa mpaka posta ya Geita. Maneno yalikuwa machache: Mama hali mbaya. Anakuita. Ana neno na wewe tu.

Mtu mwingine angesoma habari ya ugonjwa. Mimi niliona hilo neno.

Miaka mitano kabla ya hapo niliondoka nyumbani kwa ubaya. Baba alikuwa amefariki, waombolezaji bado wanalala uani kwetu, na mimi mtoto wa kiume mkubwa nikatangaza kwamba naenda mgodini. Mama akasimama mlangoni. Alisema sitapita mpaka baba yangu amalize kuliliwa. Nilimsukuma. Sikukusudia aanguke, lakini nilimsukuma, akaanguka ubavu juu ya kinu, na pale pale chini, mbele ya dada yangu na majirani wawili, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba siku akifa nisikanyage kaburi lake.

Kwetu maneno ya namna hiyo hayapeperuki. Mtoto aliyeambiwa hivyo na mama yake haendi mazikoni, hashiki udongo, na ndugu zake humkwepa yasije yakawapata na wao. Anayeweza kuyaondoa ni aliyeyasema, kwa kinywa chake mwenyewe, angali hai. Kwa miaka mitano nilijidai sijali. Nilipoisoma ile telegramu nilikaa chini kwenye changarawe kama mtoto. Mama alikuwa na neno: ama la kunifungulia, ama la kunikazia. Kwa vyovyote ilikuwa lazima nilisikie kutoka kwake kabla hajaondoka nalo.

Mvua zilikuwa zimekata njia. Basi la kuelekea Mwanza lilikuwa limekwama kwenye tope siku ya tatu, na abiria wake walikuwa wanapika kando ya barabara. Kwa miguu ningetumia wiki. Karani wetu, mtu mwenye huruma kuliko sura yake, aliniambia kwamba kesho yake asubuhi ndege ndogo ya mgodi ingepeleka kifaa cha pampu kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, na kwamba atakwenda kunibembelezea kwa wakubwa. Sijui alisema nini huko ndani. Alirudi anatabasamu, lakini aliniinulia kidole.

"Umepewa nafasi," akasema. "Ila ujue utakuwa bado uko kazini mpaka ushuke Geita. Ukifanya lolote la kutiliwa shaka, unarudishwa na ndege hiyo hiyo, na mama humwoni."

Hapa lazima nieleze tulivyokuwa tunaishi kazini, la sivyo nitaonekana punguani. Nilikuwa katika nyumba ya grisi. Changarawe ilipitishwa na maji juu ya tabaka la grisi nzito. Almasi hunata hapo, mawe mengine huteremka na maji yakaenda zake. Tulishinda tumelowa, na wengi wetu mafua yalikuwa hayatuachi mwaka mzima. Ndani ya nyumba ile mkono wako haukuruhusiwa kupanda juu ya kifua. Ukiwashwa pua unamwita askari, unamwonyesha viganja vyote viwili, mbele na nyuma, vidole vimetanuliwa, ndipo unajikuna. Ukitaka kukohoa unamgeukia askari badala ya kumpa mgongo, ili aone mdomo wako. Na kumeza ilikuwa jambo la kufanya kwa kuiba. Askari wazoefu hawakujisumbua na mikono yetu, walitazama makoo. Koo likipanda na kushuka mara mbili, wanakusogelea. Tulijifunza kukaa na mate mdomoni mpaka askari ageuke, au kuomba ruhusa ya kutema kwenye ndoo. Hata tukiwa kambini tunakula ugali ungeona watu wazima wanatupa jicho pembeni kabla ya kumeza tonge.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa Kahama, aliyekutwa anameza. Ilikuwa karanga, aliyoificha shavuni tangu asubuhi. Alifungiwa katika chumba chenye kitanda na ndoo, akanyweshwa mafuta ya mbarika, na kila kilichomtoka kikasafishwa kwenye chekeche. Siku nne. Wakapata ganda jekundu la karanga. Alipotoka suruali ilikuwa haimkai kiunoni, na hakuna aliyemwambia pole. Nilimfikiria sana mtu huyo usiku wa kuamkia safari. Mama yangu hakuwa na siku nne.

Asubuhi nilikaguliwa langoni kuliko siku zote. Nilimulikwa tochi masikioni, puani na chini ya ulimi, nywele zikapekuliwa, viatu vikavuliwa na kugongwa visigino. Mkaguzi alisema pua yangu imevimba hivi kwamba hata punje ya ulezi isingepata pa kujificha, akacheka. Nilicheka naye ili asinicheleweshe zaidi. Kichwa kilikuwa kizito kama mtungi uliojaa, na kamasi zilikuwa zimenishuka mpaka kooni.

Karibu na ndege alikuwapo abiria mwenzangu, ameketi juu ya sanduku la mbao lenye kile kifaa. Alikuwa mtu mnene, koti la kaki limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, viatu vimepigwa rangi vinang'aa. Mgodi ulikuwa na watu wengi, na huyu sikuwahi kumtia machoni. Karani alitujulisha. Alisema huyu ni fundi wa pampu, na mimi ni kijana ninayemwahi mama yangu mgonjwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akanitazama toka miguuni hadi kichwani. Nami nikamtazama mikono. Ilikuwa misafi. Kucha zimekatwa na hazina hata alama ya mafuta meusi. Fundi gani wa pampu ana kucha kama za mwalimu wa shule? Nikajisemea moyoni kwamba huyu si fundi wala nini, huyu ni askari kanzu, na amewekwa hapa kwa ajili yangu.

Baada ya hapo sikuona kingine. Kila alichofanya mtu yule kilikwenda kukaa mahali pake ndani ya kichwa changu.

Rubani alikuwa Mzungu mwembamba mwenye kaptula, na Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini, yote ya kuamrisha. Alifungua kopo la bati akampa kila mmoja wetu peremende moja, ya kijani, iliyofungwa karatasi. Akasema, "Kula," akagusa sikio lake, kisha akaonyesha mbinguni. Nilidhani ananiambia ndege ina kelele. Nilimtazama fundi nione atafanya nini na peremende yake. Fundi naye alikuwa ananitazama mimi. Hakuitia mdomoni, aliifumbata kiganjani. Na mimi nikaifumbata yangu. Nitie kitu mdomoni mbele ya askari kanzu, nikiwa nimeshakaguliwa, kisha nikimeze? Nilijiona mjanja sana.

Tuliketi sakafuni nyuma ya rubani, yeye upande huu na mimi upande ule, sanduku katikati yetu, magoti yanakaribia kugusana. Ndege iliruka. Masikio yaliziba wakati wa kupanda, yakalia kidogo, yakazibuka nusu. Nilichungulia nikaona maboma ya ng'ombe yamekuwa miviringo midogo, mashamba ya pamba, na maji ya mvua yametuama kila mahali. Siku nyingine ningefurahi. Mbele yetu kulikuwa na wingu jeusi, na rubani akalipanda kwa juu, tukaenda juu zaidi, baridi ikaingia. Fundi alikuwa amefumba mdomo, macho hayabanduki kwangu. Nilijitahidi kukaa kama mtu asiye na kitu: viganja juu ya magoti, shingo imenyooka, koo limetulia. Mate yalijaa nikayaacha yajae.

Kisha tukaanza kushuka, na rubani alishuka kwa haraka, nadhani aliona uwazi kati ya mawingu akauwahi.

Maumivu yalianza kama kidole kinachosukuma sikio la kulia kutoka ndani. Nilifikiri yatapita. Hayakupita, yaliongezeka kwa kadiri tulivyoshuka, yakahamia na sikio la kushoto, yakashika taya, yakaingia nyuma ya jicho. Nimewahi kung'olewa jino bila ganzi na nimewahi kuvunjika mkono. Hayo ni maumivu ya nje, unayaona yanakotoka. Haya yalikuwa ndani ya kichwa, hayashikiki, na kila nilipodhani yamefika mwisho ndege ilizidi kushuka. Machozi yalinitoka. Nilitaka kulia kwa sauti nikaogopa kufungua mdomo. Mwili wenyewe ulikuwa unajua dawa: koo lilikuwa linataka kumeza, linajikaza lenyewe kama la mtu mwenye kwikwi, na mimi nikalizuia. Nililizuia kwa nguvu zangu zote, kwa mazoea ya miaka mitano.

Rubani akageuka nyuma. Aliona uso wangu, akajigonga koo kwa vidole viwili.

"Meza," akapaza sauti juu ya kelele za injini. "Wewe, meza. Meza."

Nimelirudia neno hilo maisha yangu yote. Mzungu wa mgodi wa almasi ananiamuru nimeze, na mbele yangu mtu mwenye koti la kaki ananikodolea macho kooni. Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Nilielewa kwamba ni mtego. Nilielewa kwamba wanadhani nina jiwe mdomoni, wamenitisha kwa ndege na sasa wanataka nilimeze ili wanifunge, nipelekwe kwenye kile chumba chenye ndoo, na mama afe nikiwa nanyweshwa mafuta ya mbarika. Nilimtazama fundi. Jasho lilikuwa linamtiririka, mishipa ya shingo imemsimama, ametoa macho. Niliona ukali mtupu. Nikauma meno. Nikatikisa kichwa: simezi.

Kitu kikapasuka. Ulikuwa mlio mkubwa ndani ya sikio la kulia, halafu la kushoto likafuata kwa mlio mdogo zaidi, halafu joto likateremka shingoni. Maumivu yakapungua pale pale, na mimi, mpumbavu, nikashukuru. Injini ilikuwa imekwenda mbali, kama watu wanaotwanga kijiji cha jirani. Nilifikiri rubani ameizima.

Tulipotua hakuna aliyenikagua. Hakuna aliyenishika. Fundi aliteremka na sanduku lake bila kunigeukia, ameinamisha kichwa upande mmoja, akaenda zake kwenye lori lililokuwa linamngoja. Rubani aliniambia kitu, akanipa kitambaa chake nifute damu kwenye kola. Niliona midomo yake inachezacheza. Kiganja changu kilikuwa kinanata. Peremende ilikuwa imeyeyuka yote ikapita kwenye karatasi, imekuwa maji ya kijani katikati ya vidole. Niliifuta kwenye suruali.

Nilijiambia masikio yatazibuka. Kwenye lori la magogo nililopewa lifti mpaka Katoro dereva aliongea njia nzima, nami niliitikia kwa kichwa kila alipogeuka kunitazama. Nililala hapo kwa mtu wa ukoo wetu, nikashika njia ya miguu alfajiri. Nilipiga miayo, nikameza mate mpaka mdomo ukakauka, nikaziba pua na kupuliza mpaka kizunguzungu kikanishika. Sasa nilikuwa nameza, njiani, peke yangu, hakuna wa kuniona. Ndani ya kichwa kulikuwa na mvumo mmoja usiokoma, na chini ya mvumo huo hapakuwa na kitu. Ndege wa porini nilikuwa nawaona wanafungua midomo tu. Nilianza kukimbia. Nilikimbia nikilia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa.

Nilifika nyumbani jua likiwa halijawa kali. Dada yangu alitoka mbio akanikumbatia, akaongea, akaongea. Nilimwambia masikio yangu yameharibika, apige kelele. Aliweka mdomo kwenye sikio langu la kushoto akapiga kelele kwa nguvu zake zote, na nikamsikia, kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi. Alisema mama bado yu hai. Alisema mama anakataa kumwambia yeyote hilo neno, anauliza kila asubuhi kama nimefika. Nikamwambia twende wote, wewe utanisikilizia. Akakubali.

Mama alikuwa amelala kwenye ngozi, ubavu ule ule. Alikuwa amebaki mdogo kiasi kwamba ningembeba kwa mkono mmoja. Aliponiona hakuonyesha kushtuka. Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama dada yangu, akainua kidole na kukielekeza mlangoni. Dada aliinama akamweleza jambo, bila shaka habari ya masikio yangu. Mama alitikisa kichwa. Kidole kikabaki kule kule mlangoni. Dada alinitazama, na kwetu hupingani na mtu anayekufa. Akatoka, akarudisha mlango.

Tukabaki wawili. Niliangukia magoti. "Mayu," nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliihisi kifuani tu, "masikio yangu hayasikii. Sema kwa nguvu, mayu."

Hakuwa na nguvu. Niliona midomo yake ikianza. Nililala chini kando yake nikaweka sikio la kushoto juu ya mdomo wake kabisa, likagusa meno yake. Nilihisi pumzi. Ilikuwa ya moto na ilikuja kwa vipande, kipande kifupi, kirefu, vifupi viwili, na kila kipande kilikuwa neno. Maneno ya mama yangu yalikuwa yananiingia sikioni, nayahisi kwa ngozi, unyevu wake nauhisi, na hayafiki. Niliziba pua nikapuliza. Nilimeza. Nilijipiga kofi kichwani upande wa kulia, mara mbili, tatu, mpaka yeye mwenyewe akanishika mkono. Nilijaribu kumtazama midomo badala yake, lakini alikuwa hana meno ya mbele na midomo ilikuwa imekauka, haifungi vizuri, na sikuweza kutofautisha neno na neno. Je, alisema nimekusamehe? Alisema nilichosema nimesema? Nilitazama macho yake nitafute hasira au huruma, nikaona uchovu.

Nilitaka kuinuka nimwite dada kwa nguvu. Mama alikuwa bado ameshika kifundo cha mkono wangu, na vidole vile visivyo na nyama vilinibana kiasi ambacho nisingeamini. Akaendelea. Aliongea kwa muda mrefu kuliko mtu anayelaani anavyohitaji, nami nimejishikiza kwenye jambo hilo miaka mingi. Lakini pia mama yangu hakuwa mtu wa maneno mafupi.

Kisha akanyamaza, akaninyanyulia nyusi kidogo, akangoja. Alikuwa ameniuliza kitu. Nilijua kwa jinsi alivyongoja. Nilimwambia tena, sisikii, mayu, sisikii, na nikaona hofu inaingia machoni mwake, hofu ya mtu anayeona amechelewa. Hilo sikuweza kulitazama.

Nikafuta uso wangu. "Nimesikia, mayu," nikamwambia. "Ndiyo."

Vidole vilinilegea. Akafumba macho. Sijui nilikubali nini.

Alifariki kesho yake mchana, hakusema tena na mtu. Kabla ya mwili kutolewa, wajomba zangu walinijia uani wakanizunguka, na dada yangu akawa kati yao, amevimba macho. Hawakuwa na haja ya kupiga kelele sana, swali lao nililijua. Dada aliweka mdomo sikioni kwangu, akauliza mama alisema nini. Wote walikuwa wananitazama mdomoni. Nilikuwa nimezoea kutazamwa hivyo.

Nilisema amenisamehe.

Dada yangu alianguka chini akalia kwa furaha, na wajomba wakanipiga mgongoni. Walinitanguliza kaburini. Nilikanyaga pale, nikachukua udongo kwa mkono ule ulioshika peremende, nikautupa wa kwanza. Hata leo ndugu zangu wakienda kusafisha kaburi hunisukuma mbele niwe wa kwanza kukanyaga, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa maneno ya mwisho. Ninakanyaga.

Nilirudi mgodini baada ya mwezi mmoja, mvua zikiwa zimepungua. Sikio la kushoto lilikuwa limerudi vizuri kiasi, la kulia linasikia kelele tu. Nilikwenda zahanati ya kambini kutiliwa dawa. Tulikaa kwenye benchi, na aliyekuwa mbele yangu aliinamishwa kichwa na dresa, akadondoshewa matone, akafunikwa pamba. Aliponyanyuka nikaona ni yule fundi. Safari hii mikono yake ilikuwa na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko.

Tulitazamana. Sikuwa na cha kuogopa tena, kwa hiyo nilimuuliza sikio lake limefanyaje. Alisema lilipasuka kwenye ndege, siku ile, na dresa amemwambia lisingepasuka kama angekula tu ile peremende au angemeza mate. Nilimuuliza kwa nini hakumeza.

Aliona aibu. Alitazama huku na huku kama tulivyozoea wote, akasogea.

"Nilikuogopa wewe," akasema. "Mtu wa nyumba ya grisi apewe ndege kwa sababu mama yake anaumwa? Nani angeamini? Na ulikuwa huondoi macho mikononi mwangu. Nilisema huyu ni askari kanzu."

Nikamwambia kucha zake zilikuwa safi mno. Akaniambia alizisugua kwa mafuta ya taa jioni nzima, kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege na alitaka kuonekana mtu. Alitia mkono kwenye mfuko wa lile koti, akatoa kikaratasi kilichogandamana na uchafu wa kijani. Alikuwa hajakitupa. Hatukucheka. Dresa aliniita nisogee, nami nikashindwa kuinuka.

"Lakini mama ulimwahi?" fundi akauliza.

"Nilimwahi."

"Alikuwa anasema?"

"Alikuwa anasema."

"Afadhali," akasema, na nikaona amefurahi kweli kwa ajili yangu. "Alisemaje?"

Hakunijua mimi, hakumjua mama yangu wala dada yangu, na alikuwa mtu pekee ambaye asingehitaji kuelezwa kwa nini. Nilimeza mate, yeye akiniangalia koo.

"Sijui," nikamwambia.